Staa wa chuo kaacha mpira, na hajalogwa

Dada yangu alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, na huku kwetu simu ya saa hiyo ni msiba tu, nikakaa kitandani kwanza nikavuta pumzi ndo nikapokea. Kumbe hajafa mtu. "Kaka, hebu njoo uongee na mpwa wako, anasema mpira basi." Sasa kwa msiojua, kwa watu wa Mtwara na Lindi mjomba sio yule wa kuja na biskuti sikukuu akapiga picha akaondoka, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, mtoto tangu zamani ni wa upande wa mama, kwahiyo mambo yakiharibika anaitwa mjomba. Akifeli unaitwa. Akimpa mimba binti wa watu unaitwa. Na mimi nikaitwa kwasababu kijana kaacha mpira akiwa ndo staa wa chuo kizima.

Nikachukua boda kutoka Chikongola mpaka Magomeni kwa dada, nikamkuta kijana kakaa barazani na bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, anamenya taratibu, maganda anayapanga pembeni utasema anayahesabu. Shikamoo mjomba, marahaba, nikakaa.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Wamekunyima posho?"

"Hawajawahi kunipa, watanyimaje?"

"Sasa tatizo nini?"

"Nimechoka kuitwa, mjomba."

Ukweli mimi nilielewa kwamba kachoka kuitwa mjomba, ana mtoto wa mtu anamsumbua nini, nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaongelea jina lake, lile la uwanjani. Walimwita Umeme, jina ambalo kwa Mtwara hii tunayoijua, gesi inatoka Mnazi Bay hapo hapo jirani na bado taa zinazima katikati ya taarifa ya habari, unabaki unajiuliza ni sifa au ni tusi. Ila uwanjani ilikuwa sifa. Winga wa kushoto, mwaka wa pili, anasomea ualimu katika chuo kimoja hapa mjini ambacho sitakitaja, na akigusa mpira kuanzia upande ule wa miembe mpaka huku golini watu walikuwa wanaanza "Umeeeme" kwa sauti ya kuvuta, hata wasiojua wanacheza na nani.

Tangu aache nimesikia sababu zote mjini. Kalogwa na kamati ya ufundi ya chuo pinzani. Kapata mwanamke mkubwa. Kalewa sifa. Anataka kubembelezwa ili dau lipande, na hii ndo inachekesha zaidi maana dau lenyewe halijawahi kuwepo. Mimi nimekaa nae miezi kadhaa naongea nae kidogo kidogo na nimefika kwenye jambo moja tu ambalo ndo limenifanya nikae niandike: mtu wa kwanza kugundua kwamba mahesabu ya mpira wa chuo hayakai sawa ni staa mwenyewe, kwasababu wengine wote sisi tunakula, yeye ndo sahani. Na siku akigundua hapigi kelele, anakaa tu barazani anamenya ming'oko.

Ngoja niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwasababu kule haya mambo yana ukubwa wa kutisha na yameshapelekwa mpaka mahakamani, huku kwetu yanaishia kijiweni. Mpira wao wanaouita futiboli sio huu wetu, ni ule wa mikono, kofia ngumu na mabega ya plastiki, wanagongana kama beberu wawili. Na mpira wa vyuo kule sio mambo ya mwanafunzi kupasha misuli jioni. Uwanja wa chuo kikuu cha Michigan unachukua watu 107,601. Sensa ya 2012 Manispaa ya Mtwara Mikindani nzima ilikuwa na watu 108,299, yaani ni kama kuchukua Mtwara yote, Mikindani mpaka Naliendele, wazee kwa vichanga, unawapanga uwanjani Jumamosi wanaangalia wanafunzi. Makocha wa vyuo wanalipwa kuliko wakuu wa vyuo, Kirby Smart wa Georgia mkataba wake ulipoboreshwa 2024 ulifika kama dola milioni 13 kwa mwaka. Na mchezaji miaka yote hiyo alikuwa anapewa ada, chakula na kitanda. Akiuza jezi yake mwenyewe anafungiwa.

Unajua walifanikiwaje kumla mtu hivyo kwa miaka mingi? Kwa neno. Mwaka 1955 kijana mmoja anaitwa Ray Dennison, anachezea chuo kidogo cha Colorado, aligongwa kichwa uwanjani akafa, akaacha mke na watoto. Mke akadai fidia kama wanavyodai wajane wa wafanyakazi waliofia kazini, kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu ya jimbo na 1957 akashindwa, wakasema chuo hakiko kwenye biashara ya mpira na marehemu hakuwa mfanyakazi. Miaka hiyo hiyo chama chao cha michezo ya vyuo, NCAA, kikiwa chini ya Walter Byers kilikuwa kimeanza kulazimisha neno jipya, mchezaji asiitwe mchezaji, aitwe mwanafunzi mwanamichezo. Linasikika zuri sana. Byers mwenyewe alikuja kukiri uzeeni kwamba neno lilitungwa ili kukwepa habari za fidia. Ukishamuita mtu mwanafunzi huna haja ya kumlipa, na ukishamuita mwanamichezo huna haja ya kumfundisha, amebaki anaelea katikati.

Sasa hilo neno hata kwetu lipo, hatukulitafsiri kutoka kokote, limezaliwa lenyewe. Mpwa wangu akidai hela ya dawa ya goti anaambiwa wewe ni mwanafunzi, mpira ni afya. Akiomba kurudia testi aliyoikosa kwasababu alikuwa safarini na timu anaambiwa hapa chuoni watu wanakuja kusoma. Alibeba sapu mbili mwaka wa kwanza, yaani mitihani ya kurudia baada ya kufeli. Na alikuwa ameahidiwa, "wewe nenda kacheze, utaangaliwa", maneno hayo yalisemwa mlangoni mwa basi injini inawaka, na yule aliyeyasema matokeo yalipobandikwa akasema hakumbuki, huenda alimaanisha ataangaliwa uwanjani. Kilichomuuma sana sio sapu, ni kwamba wenzake darasani walikuwa wanaamini anabebwa na walimu walikuwa wanaamini hana kichwa. Ukifaulu umebebwa, ukifeli si mnaona, mpira tu. Hakuna mtihani ambao angeweza kuufanya ukawa wake.

Goti lenyewe lilikuwa linajaa maji. Kabla ya nusu fainali alichomwa sindano ya maumivu nyuma ya darasa, sindano kanunua mpenzi wa timu mmoja hivi, mfanyabiashara, akacheza dakika tisini na usiku akalala mguu upo juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yake alikuwa anamkanda na maji ya moto na majani ya mpapai. Mimi nilikuwepo. Nilimwambia kaza mwanangu, fainali Jumamosi.

Hapo ndo pa kusema na mimi nilikuwa nakula. Kuna jamaa anauza supu ya pweza, akijua tu mimi ni mjomba wa Umeme bakuli la pili halilipiwi, nimeinywa ile supu karibu miezi mitatu. Fundi pikipiki kanipunguzia. Kijiweni nikiongea watu wananyamaza, kitu ambacho kwa umri wangu na kazi yangu hakijawahi kutokea. Chuo kilipiga picha yake kikaiweka kwenye bango la kutafuta wanafunzi wapya. Kijana mmoja alishinda uongozi wa serikali ya wanafunzi kwa kutembea nae kampeni nzima, hajaongea sera hata moja. Mama ntilie wa pale uwanjani siku akicheza anapika sufuria mbili. Yeye mwenyewe alipata traksuti isiyomtosha na pea moja ya njumu, nzuri kwakweli, kutoka kwa yule yule wa sindano, na njumu zile zilikuja na kamba ndefu kuliko zile za kufungia.

Kamba yenyewe ni ndondo, hizi mechi za makombe ya mtaani. Msimu wa korosho ukianza, minada ya Oktoba na Novemba hela ikishashuka vijijini, huku kusini kila kijiji kina kombe, mbuzi, ng'ombe, jezi, bajeti ya mtu kutamba mbele ya mtu, na kila tajiri anatafuta mamluki. Wakampeleka mpwa wangu Ruangwa huko ndani ndani akacheze kwa leseni ya mtu mwingine. Kwa kanuni ni kosa, naye anajua, elfu ishirini na nauli. Nilitegemea aniambie alivyodhalilika, kucheza kwa jina la mtu. Akaniambia kinyume. Ile ndo mechi pekee aliyoinjoi kwa miaka miwili. Alipiga mbili, uwanja mzima unashangilia jina la kijana ambaye yuko shambani kwao anaokota korosho, na yeye anakimbia mle ndani mwepesi kabisa, akikosa pasi anakosa yule, akipiga chenga anapiga yeye. "Mjomba, kulikuwa hakuna mtu ananijua. Nilikuwa nacheza tu." Mimi nikamwambia basi nenda ukacheze ndondo milele, akaniangalia kama ninavyomuangalia fundi anayenidanganya.

Hapa ndo nilipoanza kubadilisha mawazo, maana mimi mwanzoni nilikuwa upande wa wale wanaosema dawa ni hela. Walipeni vijana, mtaona kama wanaacha. Wamarekani wamejaribu. Juni 2021 mahakama yao ya juu kabisa ikaamua kwa kura tisa kwa sifuri dhidi ya NCAA kwenye kesi ya Alston, siku chache mbele, tarehe 1 Julai, wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo, na Juni 2025 jaji akapitisha makubaliano ya chuo kugawia wachezaji wake moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza mwisho ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja. Ni haki na imechelewa sana. Yule mjane wa Colorado angeiona sijui angesema nini.

Lakini kuna watu kule waliokuwa wanalipwa tayari, wanalipwa vibaya sana kwa maana ya vizuri, na bado wakaondoka. Andrew Luck alikuwa staa wa chuo kikuu cha Stanford, mara mbili mfululizo, 2010 na 2011, alishika nafasi ya pili kwenye ile tuzo kubwa ya mchezaji bora wa vyuo, na huku anasomea usanifu wa majengo, na akamaliza. 2012 akachukuliwa wa kwanza kabisa na Indianapolis Colts. Akaumia bega, akaumia mbavu, akaumia figo, anatibiwa anarudi, anaumia anatibiwa. Tarehe 24 Agosti 2019 ana miaka 29 habari ikavuja katikati ya mechi ya kirafiki kwamba anastaafu, yeye kasimama pembeni ya uwanja na nguo za kawaida, na wakati anatoka mashabiki wa timu yake mwenyewe wakamzomea. Sio wapinzani, wake. Alipoulizwa akakubali alisikia na kwamba iliuma. Mwingine Chris Borland, kutoka chuo kikuu cha Wisconsin, alicheza msimu mmoja tu wa kulipwa San Francisco, vizuri mno, na Machi 2015 akiwa na miaka 24 akasema basi, kichwa changu nakihitaji, akarudisha sehemu kubwa ya hela ya kusainia. Watu walimuona chizi. Miaka miwili mbele, 2017, madaktari wa Boston wakatoa majibu ya ubongo wa wachezaji waliofariki, wa ligi kuu yao 111, wenye ule ugonjwa wa kugongwa gongwa kichwa 110, na wa vyuo 53, wenye ugonjwa 48. Ni ubongo uliotolewa na familia ambazo tayari zilikuwa na wasiwasi, kwahiyo usiseme kila mchezaji yuko hivyo, lakini ungekuwa wewe na miaka 24 ungesubiri kuhesabiwa upande gani?

Kwahiyo hela inaondoa dhulma, haiondoi kile kingine. Kile kingine mpwa wangu alikieleza kwa hadithi ya penati na mpaka leo sijapata maneno mazuri kuliko yake.

Mwaka wake wa kwanza walifika fainali ya vyuo, ikaenda penati, ya tano ikawa yake, akapaisha. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, mpira ulipita juu ya kichwa changu. Usiku ule kwenye makundi ya WhatsApp ikaandikwa kwamba kala laki mbili. Nani kaandika, kijana mmoja tu wa pale pale chuoni, ila ilishazunguka, mpaka asubuhi laki mbili zimekuwa laki tano. Mama yake, huyu dada yangu, anauza samaki wa kukaanga kule feri. Mteja akaja, mteja wake wa siku zote, akachagua changu wakubwa watatu akasema, "Mama Umeme, hela ya penati si ishaingia, tupunguzie basi." Dada akacheka. Akampunguzia. Akarudi nyumbani akaisimulia kama kichekesho huku anasugua karai, na kijana alikuwa anakula, akaosha mkono katikati ya chakula.

Ungeniambia aliacha baada ya hapo ningekuelewa, wengi tungemuelewa. Hakuacha. Alifanya mazoezi mwaka mzima kama kichaa, saa kumi na moja asubuhi anapiga penati peke yake, ndoo mbili ndo nguzo. Mwaka uliofuata wakarudi fainali, akafunga goli la ushindi dakika za mwisho kwa mguu ule ule, uwanja ukavunjika, wakambeba juu juu wakazunguka nae mpaka barabarani bajaji zinapiga honi. Mimi nililia, siogopi kusema. Wiki mbili baada ya hapo ndo akaacha. Nikamwambia sasa mbona umeacha umeshinda? Akasema alipokuwa juu aliangalia chini aone nani kamshika, na mguu wa kushoto alikuwa kaushika yule aliyeandika laki mbili. Analia kwa furaha. "Ni wale wale mjomba. Koo zile zile. Sasa nikajiuliza, wakiniita Umeme wanamuita nani?"

Nilikaa kimya muda. Jogoo wa jirani alikuwa anamkimbiza kuku uani, tukamuangalia wote.

Unaona, aliyeshindwa anaachaga kwa hasira, na hasira inaisha, Jumatatu yuko mazoezini. Huyu kaacha baada ya kupata kila alichoahidiwa na kukuta ndani hamna kitu, na huyo humrudishi kwa kumsifia, maana sifa ndo zilizomtoa. Ndo maana mimi wale wanaosema kalewa sifa nawaona wameshika kamba upande mwingine kabisa. Aliyelewa sifa anataka ziongezwe. Mpwa wangu alizitema.

Kuna mzee mmoja kijiweni, namheshimu, ana hoja yake na sio ya kupuuzwa. Anasema kipaji ni amana, ukikitupa umewatupa na waliokuja nyuma yako, na mpira umetoa watu kwenye umaskini, mtazame Samatta, katoka Mbagala kaenda Simba, kaenda TP Mazembe, kaenda Genk Ubelgiji, Januari 2020 akasaini Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kweli kabisa. Lakini mzee wangu hebu ihesabu tena hiyo njia, chuo kiko wapi hapo? Hakipo. Na hapa ndo naona tofauti kubwa kati ya staa wa chuo wa kule na wa kwetu. Kule ligi yao kubwa, NFL, haimchukui mtu mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, kwahiyo chuo ndo mlango, ni mlango mwembamba maana katika wachezaji mia wa vyuo wanaopita hawafiki wawili, ila ni mlango. Kwetu mtu akiwa staa wa chuo ana miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu, klabu zinatafuta vitoto vya kumi na saba kwenye ndondo na timu za vijana. Staa wetu anabebeshwa mzigo wa kule, jina, goti, matusi, sapu, halafu mlango wenyewe haupo, umechorwa ukutani.

Na kwanini mzigo uwe mzito hivyo kwa timu ya chuo tu? Mimi nina nadharia yangu, mnaweza kuipinga. Kuanzia 2014 mpaka 2020 Mtwara tulikuwa na Ndanda Ligi Kuu, misimu sita, Simba na Yanga wanakuja Nangwanda Sijaona tunawazomea kwa nafasi. Ndanda ikashuka. Namungo wakawa ndo wamepanda msimu ule ule, wakaenda mpaka fainali ya kombe la shirikisho la nchi wakafungwa na Simba, safi sana, ila Ruangwa ni Lindi, kutoka hapa ni safari na nauli, sio kutoka kazini saa kumi ukapitia uwanjani. Kiu ilibaki hapa mjini na haikuwa na pa kwenda, ikamwagika kwenye timu za vyuo na ndondo. Tukachukua hamu yote ya mkoa tukamvika mtoto wa mwaka wa pili mwenye testi Jumatatu. Angekuwa anacheza Ndanda angekuwa mmoja kati ya kumi na moja, kuna meneja, kuna daktari hata kama ni wa kuungaunga, kuna wakubwa wa kuzomewa badala yake. Chuoni yuko peke yake.

Sisemi wote waache. Nawajua wawili wamepitia haya haya na wanacheka tu, mmoja kawa mwalimu wa michezo Masasi na ukimtajia zile siku anasimama anakuonyesha chenga katikati ya staff room. Watu hawafanani ngozi. Na vyuo navyo vikitaka kurekebisha sio jambo kubwa, ukimtoa mtu testi mwandikie karatasi lini atairudia, goti likiumia uwanjani kwako lipeleke hospitali ya Ligula mwenyewe kwa hela yako. Ila hata hayo yakifanyika lile la koo zile zile halina kanuni, hilo ni letu sisi tuliokaa nyuma ya goli.

Mwezi uliopita alikuwa mazoezi ya kufundisha, shule ya msingi moja huko Tandahimba. Nilimpelekea unga na mafuta. Nikamkuta jioni uwanjani na watoto wa darasa la tano, pekupeku, suruali kaikunja, na mpira wa makaratasi na kamba, na yuko golini. Nikamuuliza mbona golini, wewe? Akasema watoto ndo walimpanga, walimuangalia namna anavyokimbia anachechemea wakamwambia, "Mwalimu wewe hujui, kaa goli." Alikuwa anaisimulia anacheka mpaka anashika magoti. Huyu Luck niliyemtaja nae Novemba 2024 alirudi Stanford, sio kucheza, kaenda kusimamia timu ya chuo chake cha zamani, kwahiyo mpira wenyewe hata yeye haukuwa umemkosea.

Zile njumu aliziacha kwangu siku ile ya ming'oko, alikuja nazo jioni kwenye mfuko wa rambo akazisukuma chini ya benchi, akasema mjomba kaa nazo. Zimekaa miezi, panya wamegusa kamba moja tu. Juzi Jumatano kapteni wa timu ya chuo kaja, kijana mstaarabu, shikamoo nyingi, akazunguka weee na habari za mvua na korosho mwisho akasema wamepata mtoto mpya, mwaka wa kwanza, anatoka Newala, winga, kushoto, moto wa kuotea mbali, ila hana viatu vya maana na Jumamosi wanacheza. Anavaa namba arobaini na mbili.

Nikainama nikazitoa, nikazikung'uta vumbi, nikampa. Akanishika mkono mara mbili. Jana mpwa wangu kapiga simu kuulizia hali ya mama yake na bei ya sukari, tumeongea karibu nusu saa, viatu sikuvitaja. Na Jumamosi nitaenda uwanjani, nimeshamwahidi jamaa wa supu.